Tableti Itakaa Wapi?

Rukia ameniomba niwaandikie ninyi mlioachiwa kaunta. Alisema, "Mama Mghoi, andika chochote, hata kurasa mbili, hawa vijana wasifikiri duka lilianza na wao." Nimekubali kwa sababu kustaafu kumenipa asubuhi ndefu nisizojua kuzifanyia nini. Na tena, juzi nilipita hapo dukani nikamkuta mmoja wenu, simtaji, anamwambia mteja kwamba tableti fulani ni nzuri kwa sababu inauzwa sana. Mwanangu, hata pilipili inauzwa sana. Mbona humpi mtoto mchanga?

Habari za mshahara sitaandika, mnajua ulivyo. Cheo nacho, siku yangu ya kwanza kilikuwa ufagio. Nilikuwa msichana tu, Wakesho, bado sijaitwa mama wa mtu, na kazi niliyopewa ilikuwa kupangusa vumbi jekundu kwenye redio. Vumbi la Voi mnalijua. Ukilifagia kwa hasira linapanda rafu ya juu na kukungoja huko. Mwenye duka, Bwana Salim, babake Rukia, aliniangalia nikipigana nalo, kisha akaniambia, "Binti, taratibu. Hilo hulishindi, zoeana nalo."

Bwana Salim alikuwa mtu wa Mombasa, wa kanzu safi na Kiswahili safi kuliko kanzu. Sisi watu wa milimani tukisema "kitu yangu" alikuwa anafumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole, halafu anaendelea na biashara. Hakuwahi kunicheka. Alirudia tu neno lile lile vizuri, polepole, mpaka nikaona haya na kulisema kama yeye.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mfugaji kutoka Marungu aliyetaka redio. Nilikuwa nimekariri maneno yangu ya betri na spika, nikamwagia yote. Akaipenda redio moja kubwa ya stima, yenye taa zinazomulika kwa mbele. Nikaanza kuifunga. Bwana Salim akainua macho kutoka kwa kahawa yake, akauliza, "Samahani bwana, itakaa wapi?"

"Kwangu."

"Kwako wapi?"

"Zizini. Mimi hulala karibu na mbuzi, fisi wamezidi."

"Na zizini kuna stima?"

Yule bwana alicheka mpaka akashika kaunta. Aliondoka na redio ndogo ya betri yenye mkanda wa kuning'iniza, na miaka yote iliyofuata alituletea ndugu zake. Alipotoka, Bwana Salim aliniambia maneno ambayo nawaachia ninyi kama yalivyo: "Mteja usimuulize anataka nini. Anachotaka amekiona kwa jirani. Muulize itakaa wapi." Mimi nilidhani ni mzee anayependa kuongea. Nilikuwa na njaa na saa ya chakula ilikuwa imepita.

Vifaa vyangu vya kazi vilikuwa bisibisi ya kupimia umeme, kipande cha kanzu kuukuu cha kufutia vioo, na kile kiti. Naona mmekisukuma nyuma stoo. Kirudisheni. Bwana Salim alikiweka pale mbele kwa sababu mtu aliyesimama hununua haraka na kurudisha haraka. Ukimkalisha atakuambia habari za nyumba yake, na ndani ya hizo habari ndimo mna jibu la nini umuuzie. Najua mnasema siku hizi watu hawana muda. Wana muda. Waangalieni wakisubiri gari la Taveta.

Kitu cha nne nilikigundua mwenyewe, nacho ni mlango. Simu za kioo cha rangi zilipoingia, watu walizisifia ndani ya duka, kesho yake wakazirudisha wakisema zimekufa kioo. Hazikuwa zimekufa. Duka letu ni la kiza, madirisha madogo ili joto lisiingie, na chini ya zile taa nyeupe kila kioo ni kizuri, jinsi kila bwana harusi alivyo mpole siku ya posa. Nikaanza kuwatoa wateja nje, kwenye jua la saa sita, ndipo walipe. Bwana Salim alihofia wezi. "Iko siku mtu atakukimbia na simu, Bi Wakesho." Nikamwambia akimbie tu, Voi hii atafika wapi nisijue mamake? Wiki iliyofuata nikamkuta naye yuko nje na mteja, kanzu ikipepea.

Alipofariki, Mungu amrehemu, nililia kama mtoto wa nyumba ile. Rukia alishika duka akiwa bado mdogo, ametoka chuo, ana haraka ya kila kitu. Ni yeye aliyeleta tableti. Nilizitazama nikamwambia hizi ni simu zilizonenepa, nani atazinunua? Basi zikanunuliwa, na mimi nikalazimika kujifunza upya na miwani yangu puani.

Majina yake ya kiwandani yalikuwa herufi na namba, namba na herufi, hata mwenyewe aliyezitengeneza sidhani anakumbuka. Tukazipa ya kwetu. Zilizouzwa zaidi zilikuwa tatu. Bibi Harusi, ile nyembamba ya bei ghali, inang'aa huku na huku, inataka kava yake, chaja yake, na ikianguka mnalia nyumba nzima. Punda, ile ya bei nafuu, kubwa, betri haiishi upesi, ila ukiigusa inafikiri kwanza. Na Karani, nene, kioo kimefifia kidogo kama kimepulizwa pumzi, inakuja na kalamu yake ubavuni. Karani hakuwa na mchumba. Watu walimpita wakienda kwa Bibi Harusi.

Kila aliyekuja aliuliza swali lile lile: ipi ni nzuri? Hakuna swali baya kama hilo, na kazi yenu ni kulikataa kwa adabu. Mkulima mmoja wa ndizi kutoka Mahoo alifika na karatasi aliyoandikiwa na mwanawe, sifa za Bibi Harusi mstari kwa mstari. Nikamkalisha. Itakaa wapi, baba? Akasema shambani, mfuko wa koti la mvua, atazame bei za soko na kupiga picha majani yenye ugonjwa. Nikamfungia Punda ndani ya mpira mnene. Siku moja akanipigia simu kuniambia imeanguka kwenye mfereji wa maji. Nikauliza, iko hai? "Iko hai, Mama Mghoi, ila inanuka tope." Karatasi ya mwanawe sijui iliishia wapi.

Sasa niwaambie habari za kwaya ya Rukanga, ambazo mnazisikia nusunusu na kuzichekea.

Walikuja wawili. Mwakio, mwenyekiti wa kwaya, sauti ya nne, mtu mkubwa wa kulima ndengu chini ya mlima Kasigau. Na Mama Mkamburi, mweka hazina, mdogo wa mwili, mkoba ameubana kwapani kama kuku wa kuazima. Wakaketi, mmoja kwenye kiti na mwingine kwenye kreti ya soda, wakaeleza. Mwalimu wao wa kwaya, Mwalimu Mwadime, macho yanakwenda. Ni presha ya macho, miwani haisaidii tena. Tangu wakiwa watoto yeye ndiye aliyewaandikia solfa, zile do-re-mi za nyimbo, kwa chaki kwenye ubao wa shule ya msingi, na sasa mistari haioni. Ameanza kusema atafute mtu amwachie kwaya.

"Na hatuna mtu," alisema Mama Mkamburi. "Akiacha yeye, kwaya imekwisha. Tutabaki kupiga makofi tu kanisani."

Kwa hiyo walikuwa wamechanga. Wangemnunulia tableti, solfa zake zipigwe picha na kukuzwa mpaka azione, na wangempa Jumapili ya mavuno. Mnajua tunavyotoa zawadi sisi. Inafungwa karatasi ya kumetameta, inainuliwa juu ya vichwa, inachezwa kutoka mlangoni mpaka mbele, akina mama wanapiga vigelegele, na mpewaji anajifanya hajui kitu. Kitu chenyewe kinaonekana baadaye nyumbani.

Nikawaonyesha zote tatu. Mwakio aliitazama Bibi Harusi kwa mapenzi, akaigeuza, akaniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa tena: "Na boksi lake ni hili tu?"

"Ndiyo."

"Ni dogo. Ikichezwa, watu wa nyuma hawataiona." Akaikamata Punda. "Hii boksi lake liko wapi?"

Punda alikuwa na boksi kubwa, limejaa povu na hewa. Wakatazamana, wakatikisa vichwa kwa kuridhika, na Mama Mkamburi akafungua mkoba. Jamani, wangenunua kwa sababu ya boksi! Nikauliza, "Itakaa wapi?"

Mwakio alisema mezani. Mama Mkamburi alisema mkononi. Mwakio akasema mtu hawezi kuongoza kwaya na tableti mkononi, ataongoza kwa kichwa? Mama Mkamburi akasema basi ashikiwe. Ashikiwe na nani, sauti ya kwanza haina watu wa kutosha. Wakaanza kugombana kwa Kidawida palepale, kwa heshima lakini kwa sauti.

"Macho ya Mwalimu yanaona herufi ya ukubwa gani?" nikauliza.

Mwakio akamtazama Mama Mkamburi.

"Anaona vizuri juani au kivulini?"

Mama Mkamburi akamtazama Mwakio. Nikarudisha tableti zote tatu kwenye rafu. "Siuzi. Mleteni mwenye macho."

"Mama, hiyo ni zawadi!" Mwakio alishtuka. "Akija si ataijua?"

"Ajue. Kitenge nitakuuzia bila mwenyewe. Macho siwezi kukuuzia bila mwenyewe."

Waliondoka wamenuna. Rukia alikuwa mlangoni pa ofisi, mikono kiunoni, amesikia yote. "Mama Mghoi! Watu wameleta pesa mkononi umewarudisha Rukanga?"

"Sikuwarudisha. Nimewatuma."

"Na wakienda duka la ng'ambo ya barabara?"

Nikamwambia babako angefanya hivi hivi. Hapo alikasirika kweli, kwa sababu ilikuwa kweli, na hatukusemeshana mpaka jioni alipoleta chai vikombe viwili na kunisukumia kimoja bila neno. Lakini ndani yangu nilikuwa na wasiwasi. Kama wangenunua kwingine, mzee angepata boksi kubwa lenye kitu asichoweza kukitumia, na kwaya ingekufa huku wakiwa wamemshukuru. Nilikaa nikitazama barabara kila gari la Kasigau lilipoingia.

Wakaja. Mwalimu Mwadime alikuwa mrefu, mkavu, koti la suti juu ya fulana, fimbo anaitumia kwa kiburi kana kwamba ni pambo tu. Mwakio alikuwa amemshika kiwiko. Nikamkalisha. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Mama, hawa wameniambia tunakuja Voi kununua kamba ya ng'ombe. Nimewafundisha sauti hawa maisha yao yote. Mtu wa kwaya akidanganya, sauti yake inapanda nusu."

Mwakio akatazama dari. Mimi nilicheka mpaka nikavua miwani.

"Haya," akasema mzee, "zawadi yangu ni ipi?"

Nikamwekea zote tatu mbele yake na kumweleza jinsi watu wake walivyowaza: solfa zake za zamani zipigwe picha, azikuze, azisome akiongoza. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akageukia upande wa Mama Mkamburi. "Za zamani za nini? Za zamani mnazijua. Hata mbuzi wa Rukanga wanazijua."

"Sasa Mwalimu, wewe unataka nini?" aliuliza Mama Mkamburi.

Mzee aligusa paji la uso wake. "Ziko mpya humu. Nyingi. Tangu ubao uanze kupotea sijaandika hata moja, na daktari amenieleza wazi, taa inazimika polepole na haiwashwi tena. Nikifa nazo, basi. Hakuna mtu aliyewahi kuzisikia ili azikumbuke."

Mama Mkamburi alichukua leso akajipangusa uso kama mwenye jasho. Walikuwa wamedhani ameishiwa na nyimbo, kumbe alikuwa nazo na hana pa kuziweka. Rukia, aliyekuwa akijifanya anapanga chaja, aliacha kupanga.

Basi tukaanza kazi. Nikampa Bibi Harusi kwanza, maana ndiye aliyependwa na wote. Ndani ya duka alimsifu, akasema anaona weupe wake kama maziwa. Nikamshika mkono tukatoka nje, juani. Akaiinua, akaisogeza, akaitazama sana.

"Unaona nini, Mwalimu?"

"Namwona mzee," akasema. "Do siioni."

Nikampa Punda. Aliandika kwa kidole do moja kubwa, akasubiri. Herufi ikatokea wakati kidole kimeshaondoka. Akaandika mi. Ikachelewa tena. "Huyu ana kigugumizi," akasema, akanirudishia kwa upole, kwa kuwa alikuwa mwalimu na hakupenda kumwaibisha mwanafunzi mzito.

Nikachomoa kalamu ubavuni mwa Karani nikamwekea vidoleni. Akaandika palepale juani, kwa mkono uliozoea chaki, herufi moja kubwa kama kikombe cha chai. D. Akaisogelea mpaka pua ikakaribia kioo. Akaandika nyingine. M. Nyingine. S. Kisha akaimba alichoandika, taratibu, do, mi, so, na muuza viazi wa pale nje akageuka kutazama. Nami nikaitikia kidogo kwa chini, maana solfa niliijua kidogo tangu shule, nilikuwa sauti ya pili.

"Nimeiona," akasema. "Kila mmoja wao nimemwona."

Nilifikiri tumemaliza. Lakini akanipa tableti. "Mama, hebu nishikie. Igeuze. Mgongo wake unielekee mimi."

"Mwalimu, ukitazama mgongo hutaona kitu."

"Wewe nishikie tu."

Nikaishika juu kifuani. Yeye akasimama nyuma yake na fimbo. "Mwakio, rudi nyuma mpaka kwenye mizani ya yule muuza viazi. Unasoma nini?"

"Do, mi, so."

"Mama Mkamburi, wewe simama pembeni, upande wa kushoto. Unasoma nini?"

"Do, mi, so, Mwalimu. Lakini so umeiandika imelala."

"Kulala kwake hakukuhusu. Unaisoma?"

"Naisoma."

"Nje kwenye jua namna hii, unaisoma?"

"Naisoma, Mwalimu."

Akatikisa kichwa, akasema tuifunge. Mikono ilikuwa inaniuma na jua linaniwakia, nikajiambia huyu mzee anawapima watu wake macho badala ya kupima yake. Nilimwonyesha namna ya kufungua ukurasa mpya, namna ya kuhifadhi, namna ya kurudisha kalamu pale ubavuni ili isipotee. Alinirudia kila kitu neno kwa neno kama sala.

Ndipo Mwakio akanivuta pembeni, uso umejaa huzuni ya kweli. "Lakini Mama Mghoi, boksi la hii ni dogo kuliko yote."

Rukia alinisikia nikishusha pumzi. Akaingia stoo mwenyewe, akatoka na boksi tupu la televisheni, lile kubwa la kukalia watoto wawili. "Hili halina bei," akasema. "Ichezwe vizuri." Nasikia ilichezwa mpaka vumbi likapanda, na Mwalimu, ambaye alikuwa amechagua mwenyewe na kuilalia njia nzima kutoka Voi, alishtuka mbele ya kanisa kuliko mpewaji yeyote aliyewahi kushtuka.

Baada ya hapo nilimsikia kwa simu tu. Mara kalamu imeacha kuandika, nikamwambia aichaji. Mara stima imepotea siku mbili, anafanyaje, nikamweleza habari za sola. Mara hakuwa na swali lolote, alipiga akaniimbia kipande, akasema, "Hiyo nimeiandika leo asubuhi," akakata. Wateja walikuwa wakinisubiri na mimi nimesimama na simu sikioni kama mjinga, nimefurahi siku nzima.

Siku yangu ya mwisho mlikuwepo, sihitaji kuwasimulia keki. Ila kuna kitu hamkukisikia. Mlipotoka, Rukia alinipeleka mbele ya rafu ya tableti, akaniambia nichague yoyote, ni yangu. Nikanyoosha mkono. Naye, kwa sauti ya babake kabisa, akauliza, "Itakaa wapi?"

Alikuwa anatania. Lakini mkono niliurudisha. Mghoi na nduguze wana nyumba zao. Mezani kwangu kuna mimi na kikombe. Tangu nikiwa msichana, mahali pangu palikuwa nyuma ya kaunta ile, na sasa sikujua hata mimi mwenyewe nitakaa wapi. Nikamwambia Rukia aniwekee, nitarudi. Nililia pale mlangoni, na msijifanye hamkuniona.

Asubuhi zile zikaanza. Naamka saa ya kazi, navaa, nakumbuka. Mpaka Mama Mkamburi akanipigia. "Tunasikia umeachishwa," akasema. Nikamwambia nimestaafu, si kuachishwa. "Hayo hayo. Njoo Jumamosi, tuna mazoezi."

Nikaenda Rukanga. Walikuwa nje ya kanisa, kwenye mabenchi, kwa sababu ndani palikuwa na joto la kuoka mkate. Mwalimu Mwadime alikuwa amesimama mbele yao, wima, fimbo mkononi. Nilimpungia mkono kutoka mbali. Hakunipungia. Mama Mkamburi akanong'ona kwamba macho yalishakwisha, anatambua mchana na usiku, basi.

Kati ya Mwalimu na kwaya palikuwa na kiti cha mbao, na juu ya kiti Karani imesimamishwa, imeegemezwa kwa tofali. Mgongo wake ulikuwa umemwelekea yeye. Kioo kilikuwa kimewaelekea wao.

Hapo ndipo nikakumbuka jua la Voi na mikono yangu ilivyouma. Mzee hakuwa akinunua kwa ajili ya macho yake hata kidogo. Macho yake alishayatoa kwenye hesabu. Alitaka tu yamfae mpaka amalize kuandika, na baada ya hapo tableti igeuzwe, iwe ubao wao. Wote sisi, mimi wa "itakaa wapi" nikiwa wa kwanza, tulimchagulia kitu cha kutazama, na yeye alichagua kitu cha kutazamwa. Zile herufi kubwa alizoandika kwa sababu ya giza lake, ndizo watu wa benchi la nyuma walikuwa wakizisoma bila shida. Nyimbo zote ziliingia, Mama Mkamburi aliniambia. Wa mwisho herufi zake zinapandana kama mbuzi wanaogombea mlango wa zizi, lakini unasomeka.

Nilisalimu. Mzee akainua kichwa. "Huyo ni Mama Mghoi wa duka."

"Wa duka zamani, Mwalimu. Nimestaafu."

"Sikuuliza kazi. Sauti gani?"

"Ya pili. Lakini ni tangu shule."

"Kaa basi, wasogezeeni. Sauti ya pili imepungukiwa."

Nikasogezewa benchi, nikakaa, begani kwa Mama Mkamburi. Wimbo ulikuwa mpya, ule wa mwisho, wa herufi zinazopandana kama mbuzi. Mwalimu akainua fimbo, tukaanza, na jinsi zile sauti zilivyonizunguka sikuweza kuona vizuri, machozi yalikuwa yamejaa, nikawa naimba kwa kubahatisha tu. Fimbo ikagonga chini. Kwaya nzima ikanyamaza.

"Kuna mtu sauti ya pili anaimba mi mahali pa re."

Mama Mkamburi akanifinya.

"Ni mimi, Mwalimu," nikasema. "Samahani."

"Najua ni wewe. Soma, mama! Si ndiyo tableti uliyoniuzia?"

Benchi zote zikacheka, Mwakio kuliko wote. Nikapangusa macho kwa pindo la leso, nikavaa miwani, nikakitazama kioo. Jua lilikuwa limekipiga moja kwa moja, na ilikuwa pale, kubwa kama kikombe cha chai, imelala kidogo upande. Re. Tukaanza upya.